Gari la Kale Likilala Kwenye Kona: Stebilaiza Nene Inafanya Nini Hasa?

Hapa Malindi, ukiwa na gari lililotengenezwa kabla hujazaliwa, kila mtu ni mshauri wako. Unaliegesha nje ya msikiti, ukitoka unakuta watu watatu wamelizunguka. Mmoja anakumbuka babake alivyosafiri na la namna hiyo hadi Garsen. Wa pili anataka kulinunua kwa bei ya baiskeli. Wa tatu anainama, anachungulia chini, anasema: "Ami, hili litie stebilaiza nene. Halitalala tena kwenye kona."

Huyo wa tatu ameongezeka siku hizi. Picha za mashindano ya magari ya kale zinazunguka kwenye simu, wauza spea wameshagundua kuwa neno "stebilaiza" linauza, na vijana wa gereji wanabishana juu ya chuma hiki kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa wa usukani. Mimi mwenyewe niliinunua dawa hiyo nikainywa vibaya. Nitalisimulia hilo, lakini kwanza tuelewane tunazungumzia nini.

Stebilaiza ninayoisema si lile sanduku la kulinda friji stima ikiruka. Ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa mfano wa herufi U pana. Sehemu yake ndefu inapita chini ya gari kutoka kushoto hadi kulia, imeshikwa kwenye chesisi au bodi kwa bushi mbili za mpira. Ncha zake zimejikunja kama mikono, na kila mkono umefungwa karibu na gurudumu la upande wake kwa kiungo kifupi ambacho mafundi wote wanakiita linki. Magari mengine yana moja tu, ya mbele. Mengine yana ya mbele na ya nyuma. Mengine hayana hata moja: Land Rover za zamani zenye springi za mabamba zilitoka kiwandani bila kitu hicho na zikafika kila mahali. Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Hataza ya kwanza ilitolewa mwaka 1919 kwa mvumbuzi mmoja wa Kanada.

Kuelewa kazi yake, kumbuka watu wawili wanavyokamua leso nzito iliyotoka kufuliwa. Kila mmoja ameshika ncha yake. Mmoja akizungusha huku na mwenzake akizungusha kule, leso inasokoteka, inakaza, maji yanatoka. Lakini wote wawili wakiizungusha kwa kufuatana, inabingirika tu mikononi mwao na halidondoki hata tone. Stebilaiza ndiyo leso hiyo. Gari likipanda tuta la barabarani moja kwa moja, magurudumu ya kushoto na kulia yanapanda pamoja, chuma kinabingirika ndani ya bushi zake na hakuna kazi iliyofanyika. Gari likikata kona ya kulia, bodi inalalia kushoto: kushoto kunashuka, kulia kunainuka. Mkono mmoja wa chuma unasukumwa juu, mwingine unavutwa chini. Hapo ndipo kinasokoteka, na kwa kuwa chuma cha springi hakipendi kusokotwa, kinaizuia bodi isilale sana.

Watu huchanganya kazi hii na ya springi na ya shoki. Springi inabeba gari, wakati wote, hata likiwa limeegeshwa. Shoki inapunguza kasi ya kupanda na kushuka, ili gari lisiendelee kuruka kama mpira baada ya shimo. Kumbuka: shoki inapinga mwendo, haipingi mkao. Kwenye kona ndefu, gari likishalala na kutulia, shoki hata iwe mpya kutoka kwenye boksi haina la kufanya. Stebilaiza, hapo hapo, bado imesokoteka na inashikilia. Kwa hiyo anayekwambia gari linaloruka-ruka litatibiwa kwa stebilaiza amekosea mgonjwa, na anayekwambia shoki ngumu zitaondoa kulala amekosea pia, ingawa zitalifanya lilale polepole zaidi na ukadhani limepona.

Sasa tuingie kwenye kosa ambalo limewagharimu wengi, nikiwemo mimi. Tunaamini kwamba gari likilala kidogo, uzito mdogo unahamia upande wa nje wa kona. Sivyo.

Chukua gari la ukubwa wa Peugeot 504, tuseme lina kilo 1,200. Tuseme kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 kutoka ardhini, na gurudumu la kushoto liko sentimita 130 kutoka la kulia. Liingize kwenye kona kali kiasi kwamba nguvu inayolisukuma pembeni ni nusu ya uzito wake. Zidisha 1,200 kwa nusu, kisha kwa 50, ugawe kwa 130: unapata kama kilo 230. Kiasi hicho kinatoka kwenye magurudumu ya ndani na kuhamia ya nje. Kila upande ulikuwa umebeba 600. Sasa wa nje una 830 na wa ndani 370. Angalia tena hesabu hiyo. Kuna uzito, kimo, upana na ukali wa kona. Stebilaiza haimo. Bodi kulala kunasogeza kitovu cha uzito kidogo pembeni, kweli, lakini kwenye gari la kawaida hicho ni kiasi kidogo sana kando ya hizo kilo 230.

Basi chuma kinabadilisha nini? Kinabadilisha nani anabeba. Zile kilo 230 lazima zigawanywe kati ya tairi la nje la mbele na tairi la nje la nyuma, na hapo ndipo stebilaiza ina sauti.

Fikiria watu wanne wamebeba samadari, mmoja kila mguu, wanapita uchochoro wenye mteremko upande wa kushoto. Kitanda kinalemea kushoto. Wabebaji wawili wa kushoto ndio wanaoumia, lakini hawaumii sawa. Wa mbele akisimama wima, magoti yamekaza, na wa nyuma akawa analegeza magoti kila akihisi uzito, mzigo wote wa ziada unamwangukia yule aliyekaza. Jumla haikubadilika. Aliyejifanya mgumu ndiye aliyejitwisha. Gari ni hivyo hivyo: mwisho wenye stebilaiza ngumu zaidi, mbele au nyuma, ndio unaochukua sehemu kubwa ya uzito unaohama.

Ukitaka mfano unaotembea, itazame tuktuk. Mbele ina gurudumu moja, na gurudumu moja halina mwenzake wa kupeana naye uzito. Kwa hiyo uzito wote unaohama kutoka upande mmoja hadi mwingine unabebwa na magurudumu mawili ya nyuma peke yao. Abiria wa tuktuk za kwetu wanalijua hili kwa makalio yao, hata kama hawajawahi kulisikia likielezwa.

Kwa nini tujali nani kabeba? Kwa sababu tairi haliongezi mshiko sawasawa na mzigo. Punda wawili wakigawana gunia nne kwa haki watafika sokoni. Mpe mmoja tatu na mwingine moja: yule mwenye tatu atakwama, na yule mwenye moja hawezi kufidia. Tairi likibebeshwa mara mbili linashika zaidi, lakini si mara mbili. Jozi ya tairi ambayo mmoja kazidiwa na mwenzake anaelea hushika kidogo kuliko jozi iliyogawana. Kwa hiyo mwisho wa gari uliouwekea chuma kinene ndio unaopoteza mshiko kwanza.

Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji hawasemi. Weka chuma kinene mbele peke yake: pua inakuwa nzito kugeuka, unakata usukani na gari linataka kwenda moja kwa moja. Weka kinene nyuma peke yake: pua inakuwa nyepesi na tamu, unafurahi wiki nzima, mpaka siku mkia unapoamua kutangulia. Viwanda vingi viliyapanga magari ya watu wa kawaida yakatae kona kwa pua, kwa sababu dereva aliyeshtuka huinua mguu kwenye mafuta, na gari la pua nzito humsamehe. La mkia mwepesi humwadhibu kwa kitendo hicho hicho.

Naijua adhabu hiyo. Nina Datsun 1200, nyuma ikiwa na ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, na springi za mabamba, bila stebilaiza ya nyuma. Muuzaji mmoja aliniletea chuma kilichotolewa kwenye gari kubwa zaidi, fundi akakikata mabano yake na kukifunga. Barabara ikiwa kavu, kutoka Malindi hadi Watamu, nilijiona dereva wa Safari Rally mwaka ule wa 1970, Datsun ilipoanza kushinda. Halafu ikaja masika. Mvua ya kwanza, lami ina vumbi na mafuta ya mwaka mzima, nikawa natoka Watamu nakata kuingia barabara kuu pale Gede. Mwendo haukuwa mkubwa. Mkia ulitoka, nikaachia mafuta, nikajikuta nimetazama nilikotoka. Hakuna aliyeumia isipokuwa trei mbili za mayai. Fundi aliponisikiliza alisema neno moja tu, "Tukitoe," na sikubishana.

Kosa langu la pili lilikuwa kutojua unene unavyofanya kazi. Ugumu wa chuma kinachosokotwa haupandi sambamba na unene. Unapanda kwa kipeo cha nne. Chuma cha milimita 20 ukikibadilisha kwa cha 22, macho hayataona tofauti, lakini ugumu umeongezeka kwa karibu asilimia 46. Kutoka 20 hadi 25, umezidi mara mbili na kama nusu. Ukikuta mtu anasema "ni milimita chache tu," mwombe azipige hesabu. Urefu wa mikono nao una nguvu yake: mkono ukifupishwa, chuma kinakuwa kigumu zaidi, na ndiyo maana stebilaiza za kurekebishwa zina matundu mawili au matatu kwenye ncha. Tundu la ndani, karibu na mkunjo, ndilo gumu. La nje kabisa ndilo laini. Anza na la nje.

Kuna pia stebilaiza zenye uwazi ndani kama bomba, na watu huzidharau. Kwa kusokotwa, sehemu ya nje ya chuma ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ya katikati inasindikiza tu. Bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 4 linabaki na karibu asilimia 79 ya ugumu wa chuma kizima cha unene huo, kwa uzito wa asilimia 54 tu. Si uwongo wa kibiashara.

Mpaka hapa unaweza kudhani nataka kuwakataza watu stebilaiza. La. Kuna faida za kweli. Gari lisilolala sana linajibu usukani mapema, halichelewi kama jahazi linalosubiri tanga lijae. Tena kwenye magari ambayo mbele springi na shoki zimeunganishwa zikasimama kama nguzo moja, bodi ikilala tairi la nje linainama nalo, likakanyaga kwa ukingo badala ya uso mzima. Chuma kinachozuia kulala hulisaidia tairi hilo likanyage bapa, na hapo pua inaweza kushika vizuri zaidi kuliko hesabu ya mzigo ingekuonyesha. Nyuma, kwenye ekseli nzima kama ya Datsun yangu, faida hiyo haipo: ekseli hiyo huyaweka matairi wima hata bodi ikilala. Ndiyo maana kwa magari mengi ya kale yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiongeza kidogo mbele unapata kitu, na ukiongeza nyuma bila kipimo unatafuta kesi.

Na barabara zetu je? Hapa nina msimamo wangu. Stebilaiza hailali usingizi kwenye shimo la upande mmoja. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, chuma kinamwita wa kulia ashiriki. Kikiwa chembamba, mwito ni mdogo. Kikiwa kinene, gari zima linatikisa kichwa kushoto na kulia, na kwenye njia ya changarawe au mchanga gurudumu moja linaweza kunyanyuka likazunguka hewani huku mengine yamekwama. Kwa difu ya kawaida, yaani zile gia za ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, gurudumu likielea, nguvu yote inapotelea huko. Ndiyo maana wanaoandaa magari kwa njia mbovu hupendelea vyuma vyembamba na springi zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na baadhi ya wenye magari ya porini hufungua linki kabisa kabla ya kuingia kwenye miamba. Anayezunguka mjini na kwenda Kilifi na kurudi kwenye lami ana haki ya chuma kinene kuliko anayeelekea njia ya changarawe kila wikendi. Usinakili gari la mtu bila kuuliza linapita wapi.

Magari mengine yana masharti yao. Ford Escort za zamani, zile zilizoshinda Safari 1972 na 1977, stebilaiza ya mbele ina kazi ya pili: ndiyo inayoshika mkono wa chini wa gurudumu usiende mbele wala nyuma. Ukibandika chuma ambacho mikono yake imepishana hata kidogo na cha asili, umesogeza magurudumu, si kulala tu. Volkswagen ile ya kobe, hasa zile ambazo ekseli zake za nyuma zimekatwa katikati na kila nusu inabembea, ina hatari zaidi. Kwenye kona kali gurudumu la nje huweza kujikunja chini ya gari na kuinyanyua nyuma. Ukiiongezea stebilaiza ya kawaida nyuma, umelitwisha mzigo gurudumu lile lile lililo karibu kujikunja. Kiwanda chenyewe kilitia stebilaiza mbele kuanzia magari ya 1960, na baadaye mwaka 1967 kikaweka nyuma chuma cha namna tofauti, kinachosaidia springi gari likibeba mzigo bila kupinga kulala. Walikuwa na sababu.

Kupinduka nako kumezungukwa na hadithi. Gari hupinduka kwa sababu ya kimo na upana wake, au kwa sababu limeteleza likagonga kitu pembeni. Stebilaiza inasaidia kidogo tu. Ukipakia makuti juu ya keria hadi yanafunika kioo, umeinua kitovu cha uzito, na hakuna chuma cha chini kitakachokishusha.

Kabla hujatoa pesa, lala chini ya gari ulilonalo. Asilimia kubwa ya magari ya kale yanayolala hapa pwani hayana stebilaiza nyembamba. Yana stebilaiza iliyolegea. Bushi zimekauka na kupasuka, linki zina mchezo, na chuma kinazunguka milimita kadhaa kabla ya kuanza kusokoteka. Chukua mtaimbo, sukuma chuma karibu na kila bushi. Kikicheza, umepata ugonjwa wako kwa bei ya mpira. Hewa ya chumvi inakula mabano na mahali yalipofungwa, kwa hiyo gonga chuma cha bodi hapo usikie kama ni kizima. Chuma kinene kikifungwa kwenye bodi iliyooza kitang'oa bano na kipande chake. Palipo pembamba, fundi aongeze bamba kwanza. Halafu tazama matairi. Tairi la miaka kumi, hata likiwa na meno, limeshakuwa gumu, na stebilaiza haiwezi kulilainisha.

Bushi za poliyurethani ni ngumu kuliko za mpira na hazilegei upesi, ila zinataka grisi ya kufaa. Ukizifunga kavu zitalia kama mlango wa nyumba ya zamani. Mimi nimebaki na mpira. Nalijali sikio langu.

Jambo moja silitaki kabisa: stebilaiza kuchomelewa au kupashwa moto ili ikunjwe itoshee. Chuma cha springi kilipikwa na kupozwa kwa kipimo. Moto wa gereji unaliharibu pishi hilo pale pale ulipogusa, na kitavunjika hapo siku usiyoipanga. Chuma kisichotosha si chako.

Wakati wa kufunga, inua pande zote mbili kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja, chuma kinasokoteka, na linki ukiifungua inafyatuka. Nati za linki zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali bapa, si likining'inia kwenye jeki, na linki za kushoto na kulia ziwe na urefu mmoja, la sivyo chuma kitakuwa kimesokotwa hata gari likiwa sokoni limezimwa. Badilisha kitu kimoja, kiendeshe siku kadhaa, ndipo uguse kingine. Datsun yangu sasa ina bushi mpya, linki mpya, matairi mapya na chuma cha mbele kilichozidi cha asili kwa milimita mbili. Nyuma hakuna kitu. Baada ya kilomita 200 hivi nilirudi gereji kukaza nati tena, na nilikuta mbili zimelegea. Hizo ndizo zilizokuwa zikinipigia kokoko kwenye matuta ya Maweni.